Ufa Ulioinamia Shimoni

Ngumi ya kwanza sikuiona, niliisikia. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya kontena tunalolitumia kama ofisi pale machimboni, nafunga kamba za buti, na ndani mlikuwa na wanaume wawili: kaka yangu, ambaye ndiye msimamizi wa machimbo, na yule ninayempenda. Kikasikika kishindo, meza ikaburuzika, halafu kaka akauliza swali kwa sauti ya chini. Heri kaka apige kelele. Akishusha sauti, ujue kuna mtu ataumia.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Uliweka baruti kiasi gani?"

Niliusukuma mlango kwa bega. Fundi wetu wa kulipua miamba, ambaye machimbo mazima humwita Baruti na hata mama yake mzazi naye ameshazoea, alikuwa sakafuni, mgongo kwenye kabati la mafaili, damu ikimtoka puani na kuingia mdomoni. Kaka alisimama juu yake na mpini wa nyundo mkononi.

"Kaka, acha!"

"Toka nje."

"Sitoki ng'o!"

"Kiasi kile kile cha siku zote," Baruti akajibu, taratibu, kama mtu aliyeulizwa saa.

"Mwongo we!"

Mpini ukashuka begani kwake. Nilisikia mfupa. Hakulia, wala hakuinua mkono kujikinga. Aliinua macho tu akaniangalia mimi, na yale macho yalikuwa yananiomba kitu. Mjinga mimi, nikadhani ananiomba msaada. Nikamrukia kaka mgongoni, nikamkaba shingo, akanikung'uta kama vumbi la shati na nikaangukia pipa la taka.

Nisimwonee kaka yangu, hakupandwa na wazimu bure. Jana yake, saa nne asubuhi, Baruti alilipua ukuta wa magharibi. Moshi ukaisha, king'ora cha usalama kikalia, Mjomba akaingia na kijiko chake, ile mashine ya kuchotea, kuzoa mawe. Mjomba ni mdogo wake mama. Ndiye aliyenifundisha kuendesha gari, na katika ukoo wetu wote ndiye pekee aliyekuwa upande wangu na Baruti. "Mpwa wangu, huyo ni mume," alikuwa akiniambia. "Wenzake wanalipukia wake zao. Huyu hasira zote anazimalizia kwenye mawe, nyumbani anakuja amepoa." Basi alipoinua mzigo wa tatu, ubapa mzima wa mwamba, mkubwa kuliko nyumba yetu, ukateleza kutoka juu ukamfunika yeye na mashine. Tulimfukua kwa mitaimbo na kwa kucha, saa tatu nzima. Kwanza nilimsikia anamwita mama. Baadaye nikawa simsikii. Hospitalini walimkata mguu wa kushoto juu ya goti.

"Saa nane kijiko cha pili kinaingia ukuta wa mashariki," kaka alisema, anahema. "Mawe yaliyolipuliwa kule juzi bado yanangoja kuzolewa, na kazi hailali kwa sababu ya mpumbavu mmoja. Wewe nikikuona hapa baada ya leo, sitatumia mpini. Nitatumia chuma chenyewe."

Kisha akanigeukia. "Miaka miwili nakwambia, mdogo wangu. Mtu wa baruti hana uzee, na aliye karibu naye hana pia. Baba alikufa chini ya mwamba. Mjomba, huyo kaponea chupuchupu. Unataka nani mwingine, mama?"

Nilimwinua Baruti kwapani na kumtoa nje, wafanyakazi wakatupisha njia bila salamu.

* * *

Nina chumba kidogo nyuma ya stoo ya vipuri, nakiita chumba cha sampuli. Kuna rafu tatu za mawe yenye namba, meza moja, beseni, na sanduku la huduma ya kwanza. Nilimkalisha Baruti kwenye kiti changu, nikamvua shati. Bega lilikuwa limevimba na kugeuka rangi. Nikaanza kumfuta damu kwa pamba, kwa nguvu kupita kiasi.

"Unaniumiza kuliko kaka yako," akasema.

"Nyamaza. Kwa nini hukujitetea? Una mikono miwili kama koleo, ukapigwa kama ngoma!"

"Ni shemeji yangu."

"Shemeji gani? Posa hata barua yake hawajaipokea!"

Akajaribu kucheka, mdomo uliopasuka ukamkataza. Nilimpiga busu kwenye paji la uso, mahali pekee palipobaki pazima. Nilinusa vumbi la mawe na ile harufu yake kali ya baruti ambayo mama hulalamika kwamba haitoki kwenye makochi. "Usomi wote huo," mama husema, "ukaolewe na moshi?" Na mimi huo moshi ndio niliokuwa nautafuta kila nikiamka.

"Bibi Ramani," Baruti akaniita. Ndivyo wanavyoniita wote pale, maana mimi ni mjiolojia. Utafiti wangu wa shahada ya uzamivu ni nyufa za mlima ule: zimekatikia wapi, zimeinamia wapi, mwamba umevunjika na kujikunja vipi. Nazunguka mlimani na tableti, nailaza juu ya uso wa ufa, yenyewe inasoma mwinamo, inasoma uelekeo, inajua nimesimama wapi, na mstari unajichora kwenye ramani papo hapo. Machimbo yanachimba kwa kufuata ramani hiyo. "Bibi Ramani, mwambie kaka yako asiingize kijiko mashariki."

"Kwa nini? Wewe si umesema uliweka kiasi cha siku zote?"

Akaangalia sakafu.

"Nazungumza na wewe! Jana ulishuka mle shimoni baada ya kumtoa Mjomba. Uliona nini?"

"Niliona pale ubapa ulipotelezea. Ule ufa umeinamia shimoni."

"Haiwezekani. Kwenye ramani yangu umeinamia mlimani. Ungekuwa umeinamia shimoni, mwamba wa juu yake ungekuwa tayari kuteleza, nisingeruhusu mtu apite chini yake, achilia mbali kulipua."

"Sawa."

"Sawa nini? Unataka kusema ramani yangu ni ya uongo?"

"Mimi sijasema kitu."

"Ndiyo! Hujasema kitu! Tangu jana hujasema kitu!"

Niliipiga tableti mezani. Nikavuta droo, nikatoa dira ya mkono, ile ya chuma niliyoachiwa na profesa wangu alipostaafu, nikaitua kando ya tableti ili nimwonyeshe huyu mlipuaji kaskazini iko wapi na mlima uko wapi.

Sindano ya dira ikazunguka. Haikuonyesha kaskazini. Ilionyesha tableti.

Nikaisogeza dira kushoto, sindano ikageuka kuifuata tableti. Nikaisogeza kulia, ikageuka tena. Nikalivua lile kava la ngozi, nikaliweka peke yake kwenye kona ya meza, na sindano ikaliangalia kava.

Kava hilo alinishonea Baruti kwa mkono wake, siku ile niliyokubali anioe. Ngozi nzito ya kahawia, uzi mweusi, na kwenye kifungio amepachika kitu kidogo cha duara kinachofunga kwa mlio mtamu: tak. Nililipenda kava lile kuliko pete. Nilikuwa nalikunjia nyuma ya tableti kila nilipopima.

"Hapa kwenye kifungio," nikauliza, "umeweka nini?"

"Sumaku. Niliitoa kwenye spika ya redio yangu ilipokufa." Kisha naye akaelewa. Niliona uso wake unaelewa. "Mungu wangu."

Tableti haina uchawi. Inajua uelekeo kwa dira iliyomo ndani yake, na ile dira ndogo tangu miezi minne iliyopita ilikuwa inaamini kwamba kaskazini ni kifungio cha kava langu. Ndiyo maana vipimo vyangu mia mbili na kumi na vinne vilipendeza vile. Mistari yote ililala upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Nilipoionyesha ramani kwenye mkutano wa wanajiolojia, watu walinipigia makofi.

Lakini sumaku si kosa la kumkatisha mtu mguu. Nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo penye aibu yangu. Profesa alinifundisha sheria moja: kila vipimo kumi vya tableti, kimoja pima kwa dira ya mkono, uandike kwenye safu yake, ulinganishe. Kazi ya dakika tano. Siku ile niliyopima ukuta wa magharibi na wa mashariki, Baruti alipanda mlimani kula chakula cha mchana na mimi. Kulikuwa na kivuli, kulikuwa na vicheko, na nilimwambia, nakumbuka kabisa, "Leo dira ipumzike, mpenzi." Jioni nikanakili namba za tableti kwenye safu ya dira, na siku zilizofuata nikafanya hivyo hivyo. Nikaandika mbele yake, mara ishirini na moja: imehakikiwa.

"Ulikuwepo," nikamwambia. "Ulijua sikupima."

"Nilijua."

"Na jana ulipouona ule ufa, ukajua kosa ni langu."

"Nilijua."

"Ukapigwa mpini ukanyamaza!"

"Wangekufukuza chuo. Kaka yako asingekusamehe. Mimi nimezoea kulaumiwa, lawama moja zaidi hainiui. Kule ofisini nilikuwa nakuomba kwa macho uniache nilaumiwe." Akanishika mkono. "Na sasa ni rahisi zaidi. Sema ni kava. Kava nimeshona mimi, sumaku nimeweka mimi. Nitakubali mbele ya wote."

Jamani, nilijaribiwa. Nisiwadanganye. Kwa muda wa kuvuta pumzi mbili niliuona mlango huo uko wazi, na nje yake shahada yangu, jina langu, mama akitabasamu. Halafu nikafikiria ukuta wa mashariki, na hasira iliyonipanda sijawahi kuiona maishani mwangu. Nikaokota jiwe kwenye rafu, nikalitupa. Lilipita karibu na sikio lake likapasuka ukutani.

"Ungeniacha niue watu?"

"Ningekwambia..."

"Lini? Baada ya mazishi? Eti unanipenda! Saa nane kuna mtu anaingia chini ya ufa ule ule, kwa ramani ile ile, na wewe umekaa hapa unanibembeleza nikusingizie!"

"Ndiyo maana nimekwambia umwambie kaka..."

"Umeniambia nimkataze, hukuniambia kwa nini!" Nikaangalia saa ya ukutani. Saa nane kasoro dakika kumi. "Inuka. Mguu unao, kimbia."

* * *

Kijiko kilikuwa kimeshawashwa. Dereva wake, mwanamke mnene tunayemwita Dada Mkubwa, alikuwa anakishusha kwenye njia ya vumbi kuelekea mashariki. Nikasimama katikati ya njia, mikono juu. Alipiga honi. Sikusogea. Meno ya kijiko yalisimama hatua mbili kutoka kifuani kwangu.

"Umechoka kuishi, Bibi Ramani?" Dada Mkubwa akafoka.

Kaka akaja anakimbia, wafanyakazi nyuma yake. Alipomwona Baruti nyuma yangu, akainua mpini.

"Si nilikwambia..."

"Kaka, ramani ni ya uongo," nikasema. "Ramani yangu. Ufa wa magharibi uliinamia shimoni, na huu wa mashariki ni ufa huo huo, unaendelea kwenye ubavu ule ule wa mlima. Yeye aliweka baruti kiasi sawa. Aliyemkata Mjomba mguu ni mimi."

"Unamkingia huyu."

"Kava lilikuwa na sumaku, ikaharibu vipimo. Lakini nilitakiwa nihakikishe kwa dira. Sikuhakikisha. Niliandika kwamba nimehakikisha. Sumaku haikuandika, kaka. Niliandika mimi."

Kaka alinilea tangu nina miaka tisa. Aliacha shule akaingia machimbo ili mimi niendelee na shule. Hajawahi kunipiga hata kwa khanga iliyolowa. Pale mbele ya watu wote alinipiga kofi lililonigeuza mzima, nikaanguka kwa magoti kwenye kokoto, sikio linalia.

Na yule aliyepigwa mpini kule ofisini bila kuinua mkono, akauinua. Alimpiga kaka ngumi moja tu ya taya. Kaka akaenda chini kwa mgongo, jino likamtoka na damu. Hapo wafanyakazi wakamvamia Baruti. Mateke, makofi, mtu akamshika lile bega lililovunjika akalipinda, na safari hii Baruti alilia, kilio ambacho nitakufa nacho masikioni.

Nilichomoa nyundo yangu kiunoni. Nikaenda kwenye meno ya kijiko nikayapiga kwa nguvu zangu zote. Chuma kwa chuma. Nikapiga tena, nikapiga tena, mpaka mikono ikafa ganzi na kila mtu akaziba masikio na kunigeukia.

"Basi! Mnampiga nani? Aliyeandika uongo ni huyu hapa! Mna mikono, njooni!"

Hakuna aliyekuja. Kaka akajiinua, akatema damu, akajifuta kwa mkono wa shati.

"Nionyeshe," akasema. Kwa sauti ya chini.

Tulipanda juu ya ukuta, mimi, yeye, na Baruti akijikokota nyuma bila kuitwa. Kule juu, katikati ya vichaka, uso wa ufa umejitokeza, laini, upana wa mlango. Ndipo nilipolaza tableti siku ile. Nilitoa dira, nikaanza kueleza digrii. Kaka hakutaka digrii. Alichomoa chupa ya maji kwenye mkanda wake, akafungua kifuniko, akamimina juu ya mwamba.

Maji yakasita kidogo, yakatafuta njia. Kisha yakateremka, hayakwenda mlimani, yakapita kwenye buti zangu na kufika ukingoni, na tukasikia yanadondoka chini, mahali ambapo kijiko kingekuwa kimesimama.

Kaka akaitikisa chupa mpaka tone la mwisho.

"Maji ya chupa moja," kaka akasema. "Mwanafunzi wangu wa siku ya kwanza angeyamwaga." Macho yake yalikuwa mekundu. "Siku ile hamkuwa na maji?"

Tulikuwa nayo. Tulikuwa na chupa mbili. Tulirushiana maji kama watoto na moja tuliimaliza kwa mchezo huo. Nadhani alilisoma jibu usoni kwangu, maana aligeuka akaanza kushuka. Baada ya hatua chache akasimama.

"Miaka miwili nawakataza nyie wawili," akasema bila kugeuka. "Basi, chukuaneni. Mmoja anaandika uongo, mwingine anaulinda kwa mgongo wake. Mnafaana." Akashuka kidogo tena. "Mjomba ataambiwa na nani?"

"Mimi," nikasema.

"Leo?"

"Leo."

Tulibaki wawili pale juu. Miaka miwili nilikuwa naota siku kaka atakayosema tuchukuane, na ilipokuja ilikuja kama tusi. Baruti alikaa juu ya jiwe, ameshikilia mkono wake kama mzigo wa mtu mwingine.

"Umeniacha?" akaniuliza.

Nilitoa kisu kidogo cha mfukoni, nikakata uzi mweusi wa kifungio, mmoja mmoja, mpaka sumaku ikadondoka kiganjani. Nilimpa.

"Hii chukua. Ngozi nabaki nayo." Machozi yalikuwa yananishuka na sikuyazuia. "Ninakupenda, na bado nina hasira na wewe kiasi cha kukusukuma kutoka hapa. Yote mawili. Siku nyingine ukiniona nimekosea, nipigie kelele."

"Hata mbele ya kaka yako?"

"Hasa mbele ya kaka yangu."

Aliifumbata sumaku. Kisha akanipa mkono wake mzima, nikamvuta akasimama, tukashuka polepole kuelekea gari.

Wodini tulifika saa ya kuona wagonjwa. Mama alikuwa kwenye benchi la nje, ameinamia mkoba wake. Kaka alikuwa ametutangulia na alisimama dirishani, taya limevimba, hakutuangalia. Mjomba alikuwa ameegemezwa mito, shuka limenyooka upande mmoja na kubonyea upande mwingine. Nilijikaza nisitazame pale palipobonyea. Yeye hakuniona mimi kwanza. Alimwona Baruti, pua iliyopinda, mdomo uliopasuka, bega lililoning'inia.

"We!" akasema, sauti imekauka kwa dawa. "Nani amekuumiza hivi, mwanangu?"

Baruti akafungua mdomo. Nilijua atasema amejikwaa, atasema ni ajali, atasema lolote. Nikamtangulia.

"Ni mimi, Mjomba," nikasema, nikapiga magoti kando ya kitanda. "Na wewe pia nimekuumiza mimi."